AC ya Gari Imekufa? Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kununua Kompresa Nyingine

Hapa tumezoea kuongelea alizeti, vitunguu, kuku na mbuzi. Leo tunaingia chini ya boneti ya gari. Usishangae, kuna sababu.

Wafugaji wetu wengi wa kuku hapa mkoani sasa wana gari dogo la mtumba, iwe Noah, Probox au pikapu. Gari hilo hilo ndilo linaloleta vifaranga kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilometa 700. Ndilo linalobeba kisanduku cha chanjo, na ndilo linalopeleka mayai mnadani. Ikifika mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, joto linakuwa kali, na ndani ya gari lililofungwa vioo juani hali ni mbaya zaidi. Nje pakiwa na nyuzi 30, ndani panaweza kuvuka 45 ndani ya saa moja. Boksi la vifaranga 100 haliwezi kuvumilia hilo.

Sasa AC ikifa, wengi wetu tunafanya jambo moja: tunakimbilia kununua kompresa nyingine. Inafungwa, inapuliza baridi wiki mbili au mwezi, halafu inakufa tena. Pesa ya magunia ya alizeti imeondoka mara mbili. Makala ya leo inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuikwepa. Sikufundishi kuwa fundi. Nataka ukienda gereji ujue unalipia nini.

AC inafanyaje kazi?

Unaujua mtungi wa udongo unavyopoza maji. Maji kidogo yanapenya kwenye udongo, yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. AC inatumia kanuni hiyo hiyo, ila badala ya maji kuna gesi maalumu inayozunguka bila kutoka nje. Kwenye magari mengi tuliyonayo gesi hiyo inaitwa R134a. Ikiachwa huru huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ina uwezo mkubwa wa kunyonya joto.

Vipande vikubwa ni vitano:

1. Kompresa. Inazungushwa na mkanda wa injini. Kazi yake ni kuikandamiza gesi mpaka iwe na presha kubwa na joto kali.
2. Kondensa. Iko mbele kabisa ya rejeta. Gesi ya moto inapita humo, upepo unaipoza, inageuka kimiminika.
3. Draya. Ni kichupa chenye punje za kunyonya unyevu na kichujio cha kukamata uchafu. Kwenye gari nyingine kimejengewa ubavuni mwa kondensa.
4. Ekspansheni valvu. Ni tundu dogo sana. Fikiria nozeli ya bomba la kunyunyizia dawa: maji yanafika kwa presha, yanatoka kama ukungu. Hapa gesi iliyo kimiminika inatoka kama ukungu na kupoa ghafla.
5. Evapoleta. Iko nyuma ya dashibodi. Feni inapitisha hewa juu yake, hewa inatoka ya baridi. Unyevu wa hewa nao unaganda kuwa matone, ndiyo maana gari linadondosha maji chini. Maji hayo ni dalili ya afya, sio ubovu.

Jambo moja la kushika hapa ni kwamba mafuta ya kulainisha kompresa hayakai kwenye kompresa peke yake. Yanazunguka pamoja na gesi mfumo mzima. Gesi ikivuja, mafuta nayo yanaondoka kidogo kidogo. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kwanza hakikisha kompresa ndiyo mbovu

Kabla hujafungua mfuko, kagua haya. Mengine unaweza kuyaona mwenyewe.

Washa injini, washa AC, fungua boneti. Sikiliza kama klachi ya kompresa inalia "tak" na uso wake wa mbele unaanza kuzunguka. Isipolia, huenda fyuzi imekatika, rilei imekufa, au gesi imepungua mpaka swichi ya presha inakataa kuiwasha. Swichi hiyo imewekwa makusudi ili kompresa isizunguke kavu. Fundi akikuambia "naiunganisha moja kwa moja tuipite swichi", mkatalie. Anaiua kompresa nzima.

Angalia feni ya mbele kama inazunguka AC ikiwaka. Kisha chungulia kondensa. Kwa barabara zetu za vumbi, ukichanganya na wadudu na makapi ya kipindi cha mavuno, utakuta mapezi yake yameziba. Kondensa iliyoziba haitoi joto, presha inapanda, kompresa inafanya kazi kwa shida mpaka inaungua.

Angalia viungo vya mabomba. Ukiona doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye kiungo, kuna uwezekano mkubwa hapo ndipo panapovuja.

Baada ya hapo fundi aunganishe geji zake mbili, ya upande wa presha ndogo na ya presha kubwa. Gari likiwa limezimwa na limepoa, siku ya nyuzi 30, geji zote mbili zinapaswa kusoma karibu PSI 95 hadi 100. Zikisoma 30 au 40, gesi nyingi imeshatoka. Injini ikiwaka na AC ikifanya kazi, upande mdogo husoma kati ya 25 na 45, upande mkubwa kati ya 170 na 250, kutegemea joto la siku. Tafsiri yake ni hii:

- Zote mbili ziko chini: gesi imepungua, kuna mvujo. Kompresa inaweza kuwa nzima kabisa.
- Ndogo iko juu, kubwa iko chini: kompresa haikandamizi. Hapa ndipo unaweza kufikiria kuibadilisha.
- Kubwa imepanda kupita kiasi: kondensa imeziba, feni imekufa, au gesi imejazwa kupita kipimo.
- Ndogo inashuka mpaka sifuri au chini yake: ekspansheni valvu imeziba kwa uchafu au kwa barafu ya unyevu.

Unaona? Katika hali nne, ni moja tu inayoelekeza kwenye kompresa. Fundi anayesema "kompresa imekufa" bila kufunga geji anakisia, na anakisia kwa pesa yako.

Nani anaiua kompresa?

Tuseme imethibitika imekufa kweli. Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza: imekufa kwa nini? Kuku wakifa bandani huendi kununua wengine na kuwaingiza humo humo bila kujua kama ni kideri au sumu. AC nayo iko hivyo hivyo.

*Muuaji wa kwanza ni kukosa mafuta.* AC inapungua baridi, unakwenda kujaza gesi. Baada ya miezi miwili unajaza tena. Mvujo hautafutwi, na kila mara mafuta yanapungua bila kurudishwa. Kompresa inasagika yenyewe kwa yenyewe.

*Wa pili ni joto*, yaani ile kondensa iliyoziba na feni iliyokufa.

*Wa tatu ni unyevu.* Mfumo ukiachwa wazi, hewa yenye maji inaingia. Maji yakichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza tindikali inayokula chuma kutoka ndani.

*Wa nne ni mabaki ya kompresa iliyotangulia.* Kompresa ikisagika inamwaga vumbi la chuma kwenye mabomba, kondensa na draya. Ukifunga nyingine bila kusafisha, vumbi hilo linazunguka na kuingia kwenye kompresa mpya. Ndiyo sababu ya ile hadithi ya "nimebadilisha, imekaa wiki mbili tu".

Hatua za kubadilisha inavyotakiwa

*1. Gesi ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani.* R134a haiharibu tabaka la ozoni kama ile ya zamani ya R12, lakini kilo moja yake inaongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa. Sisi tunaotegemea msimu mmoja wa mvua kwa mwaka ndio wa kwanza kuumia mvua zikiyumba. Ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hii, katika marekebisho ya Mkataba wa Montreal wa 1987.

*2. Kompresa ya zamani itolewe na mafuta yake yamwagwe kwenye kikombe cha kupimia.* Uwepo unapoangalia. Mafuta masafi yaliyo angavu ni habari njema. Mafuta meusi, yenye kumeremeta kama unga wa chuma, maana yake uchafu umeshasambaa.

*3. Mabomba yasafishwe kwa dawa maalumu* na kukaushwa kwa naitrojeni. Kompresa na draya hazisafishwi hivyo. Kondensa za kisasa zina vijitundu vyembamba kama nywele, dawa haitoi uchafu wote. Kama mafuta yalikuwa na chuma, kondensa ibadilishwe. Inauma, najua, lakini ni nafuu kuliko kompresa ya tatu.

*4. Draya ibadilishwe kila mara kompresa inapobadilishwa.* Hapa hapana mjadala. Ni kipande cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa, na kikishakaa wazi kinajaa unyevu wa hewani. Mafundi wengi hukiacha kwa sababu mteja analalamika bei. Usiwe wewe.

*5. Oringi zote zilizofunguliwa ziwe mpya*, za aina ya R134a, zipakwe mafuta ya AC kabla ya kukazwa.

*6. Mafuta yawe sahihi na yapimwe.* Gari nyingi za R134a zinatumia mafuta yanayoitwa PAG, na unene wake umeandikwa kwenye kompresa au kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya injini hayafai kabisa. PAG hunyonya maji ya hewani haraka, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dukani wiki nzima ni ya kutupa. Kama gari lako ni haibridi yenye kompresa ya umeme, mafuta yake ni ya aina nyingine isiyopitisha umeme, na zile nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Peleka kwa fundi anayezijua.

*7. Kompresa mpya izungushwe kwa mkono mara kumi hivi* kabla ya kuwasha, ili mafuta yaenee yasije yakaigonga.

*8. Mfumo uvutwe hewa yote kwa pampu ya vakyumu, angalau dakika 30 hadi 45.* Hapa ndipo unyevu unatolewa. Kisha pampu ifungwe na sindano ya geji iangaliwe kwa dakika 20. Ikirudi nyuma, kuna mvujo, gesi isiingizwe.

Kuna jambo linalohusu Singida moja kwa moja. Vitabu vingi vinasema sindano ishuke mpaka inchi 29 au 30. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa maeneo ya usawa wa bahari. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na hata vakyumu kamili kwenye geji ya kawaida itasoma karibu inchi 25 tu. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia Dar anaweza kudhani pampu yake imekufa, au akatafuta mvujo usiokuwepo. Kinyume chake, sindano ikisimama kwenye 22 huku kwetu, hewa na unyevu bado vimo. Mwambie aendelee.

*9. Gesi ijazwe kwa mizani, sio kwa kukisia.* Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema gramu ngapi. Gari dogo mara nyingi ni kati ya 400 na 600. "Jaza mpaka ipoe" ndio mwanzo wa presha kupanda.

Kompresa ya mtumba kutoka Kariakoo

Wengi hatumudu mpya, hilo linaeleweka. Basi ukinunua ya mtumba, hakikisha mambo haya: matundu yake yamezibwa na vifuniko, namba yake inafanana na ya kwako, idadi ya mifereji ya mkanda ni ile ile, inazunguka laini kwa mkono bila kukwaruza, na mafuta ukiyachungulia ni masafi. Iliyokaa matundu wazi kwenye vumbi la duka, iache hapo hapo ilipo.

Usijaribu haya

Kuna watu wanajaza gesi ya kupikia kwenye AC kwa sababu ni rahisi. Gesi hiyo inawaka. Evapoleta ikivuja, inavuja ndani ya gari, ulipokaa wewe na watoto.

Usikubali mfumo upimwe mvujo kwa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Kinachotumika ni naitrojeni.

Usilegeze nati ya bomba la AC lenye gesi. Ikikupata jichoni inagandisha jicho. Na R134a ikipita kwenye moto hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali.

Wakati unasubiri fundi na vifaranga wapo njiani

Safiri usiku au alfajiri. Mabeseni na maboksi yapangwe na nafasi katikati ili hewa ipite, yasifunikwe turubai. Vioo vifunguliwe kidogo pande zote mbili, lakini upepo usiwapige moja kwa moja. Kila baada ya saa moja au mbili simama kivulini, wasikilize. Wakihema midomo wazi na kutanua mabawa, wamezidiwa na joto. Wakilia kwa nguvu na kurundikana, wana baridi. Kamwe usiegeshe juani kwenda kula chipsi ukawaacha ndani.

Na hata AC ikiwa nzima, usiielekeze kwenye vifaranga. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la karibu nyuzi 32 pale alipo ndani ya boksi. Kinachotakiwa ni hewa ya gari kuwa ya wastani na inayozunguka.

Chanjo ni habari nyingine. Nyingi, ikiwemo ya gumboro na ya ndui, zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8. AC ya gari haifikishi kabini kwenye baridi hiyo hata ikiwa mpya. Ile ya matone ya kideri inayovumilia joto nayo haikutengenezwa kwa ajili ya kuwekwa juu ya dashibodi. Beba chanjo kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, uifunge kwa gazeti au kitambaa isigusane na barafu. Chanjo iliyopikwa na jua haibadiliki rangi. Utawachanja kuku wote, utalala usingizi mzuri, halafu kideri kikija kitafagia banda.

Matunzo ya kuiweka hai

- Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo kila mwezi wakati wa kiangazi. Maji ya presha kubwa yanalaza mapezi.
- Washa AC angalau dakika kumi kila wiki, hata mwezi wa sita na wa saba kukiwa na baridi. Mafuta yakikaa bila kuzunguka, sili ya kompresa inakauka na gesi inaanza kuvuja.
- Badilisha au pukuta filta ya kabini, mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria.
- Ukijaza gesi leo ikapungua ndani ya miezi michache, usijaze tena. Tafuta mvujo.

Maswali matano ya kumuuliza fundi

1. Geji zimesoma ngapi upande mdogo na upande mkubwa?
2. Mvujo uko wapi, au kompresa imekufa kwa sababu gani?
3. Mafuta ya kompresa ya zamani yalikuwa ya rangi gani?
4. Draya na oringi unabadilisha?
5. Una pampu ya vakyumu na mizani ya gesi?

Akijibu yote bila kukasirika, umepata fundi. Akisema "mzee, wewe niamini tu", shukuru na uwashe gari uende kwingine. Vijana waliosomea majokofu na viyoyozi VETA wapo, waulizie.

Gari ni zana ya kilimo kama jembe na bomba la dawa. Kabla ya msimu wa joto kuanza, mpeleke fundi aiangalie AC hiyo, na ratiba ya kuagiza vifaranga uipange baada ya hapo.

Kwa mambo ya chanjo na ulezi wa vifaranga, muone afisa mifugo wa kata yako.